Uliza Dokta: Tumbo linauma, na pepa ni wiki mbili zijazo

Toleo lililopita niliomba wale mnaojiandaa na mitihani ya udaktari, uuguzi na klinikal ofisa mniandikie mnapokwama kwenye mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Jamani, simu ilijaa mpaka ikawa inaganda. Nimechukua barua sita, nyingine nimezipunguza kwa sababu zilianza na historia ya ukoo mzima.

Shikamoo Dokta. Nipo mwaka wa pili klinikal medisini, nakaa Mbagala Rangi Tatu na chuo kipo mjini kwahiyo kila siku nasimama kwenye gari masaa mawili na noti mkononi. Shida yangu kila ugonjwa wa tumbo dalili ni zilezile, tumbo kuuma, kichefuchefu, kutapika, homa. Nikifika kwenye pepa majibu yote manne naona ni sahihi. Nilishapata sapu, yaani mtihani wa marudio, kwa ajili hiyo na ndo inakuja wiki mbili zijazo. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Pole kwa kusimama na pole kwa sapu, mi mwenyewe nilishawahi kuila kwahiyo hatuchekani hapa. Unachokosea ni kwamba unakariri dalili kama mtu aliyetumwa sokoni, kitunguu, nyanya, mafuta, chumvi, sasa kila jiko la Dar lina kitunguu na nyanya, utajuaje humo ndani wanapika nini? Angalia nini kimetangulia kuingia kwenye sufuria. Mtunga mtihani hakupi orodha, anakupa hadithi yenye saa, na jibu mara nyingi limekaa kwenye saa hiyo.

Chukua kidole tumbo, yaani apendisaitisi. Kijana wa miaka 19, jana jioni tumbo limeanza kuuma katikati, kwenye kitovu, ukimwambia aonyeshe anazungushia kiganja kizima. Chakula hakitaki. Baadaye akatapika mara moja au mbili. Usiku maumivu yakahama, yakateremka chini kulia, na asubuhi ukimuuliza wapi anakuonyesha kwa kidole kimoja. Hiyo safari ya kutoka kiganja kwenda kidole ndo ugonjwa wenyewe. Mwanzoni utumbo wenyewe ndo unalalamika, na mishipa yake ya fahamu inapeleka taarifa kwenye uti wa mgongo usawa wa T10, yaani neva ya kumi ya kifua, palepale taarifa za ngozi ya kitovu zinapofikia, ndo maana ubongo unadhani ni kitovu. Uvimbe ukishagusa utando wa ukuta wa tumbo, huo utando unajua kutaja anuani kamili, ndo maumivu yanatulia chini kulia. Ukielewa hivyo huna haja ya kukariri. Na ukikuta kwenye swali kutapika na kuharisha kumeanza kwanza alafu ndo tumbo likafuata, fikiria zaidi maambukizi ya kawaida ya tumbo kabla hujakimbilia kisu.

Charles McBurney, daktari wa upasuaji wa Marekani, alishaandika kuhusu hiyo nukta ya chini kulia mwaka 1889. Chora mstari kutoka kwenye ncha ya mfupa wa nyonga upande wa kulia mpaka kitovuni, hesabu theluthi moja ukitokea mfupani, bonyeza hapo. Rovsing, daktari mwingine wa upasuaji, yeye anakwambia bonyeza kushoto, mgonjwa alalamike kulia. Na kuna moja ya kwetu kabisa japo Waingereza ndo waliiandika: muulize mgonjwa alipokuja na bajaji, kwenye matuta ilikuwaje? Mwaka 2012 walichapisha utafiti wao, wagonjwa 34 waliothibitika kuwa na apendisaitisi, 33 walisema walisikia maumivu gari liliporuka tuta. Sasa hayo ni matuta ya Uingereza, mtu aliyetokea Rangi Tatu kwa bajaji atakwambia kabla hujamuuliza. Ila kumbuka wapo wengi wanaolalamika matuta na hawana apendisaitisi, kwahiyo hilo linakusaidia zaidi kuondoa kuliko kuthibitisha. Kama tuta halijamuuma kabisa, anza kuwaza kingine.

Saa nyingine ya kuangalia ni ya ghafla. Mgonjwa anakumbuka dakika, "nilikuwa nafungua geti", maumivu yakamchoma kama kisu juu ya tumbo, saivi amelala kimya hataki hata kitanda kiguswe na tumbo ni gumu kama ubao. Hicho ni kidonda kilichotoboka. Linganisha na yule anayegaagaa, anageuka huku anageuka kule hapati pa kukaa, huyo waza mawe, ya figo au ya nyongo. Kutulia na kugaagaa, hayo maneno mawili yameniokoa kwenye maswali mengi kuliko kurasa mia. Alafu kuna anayekaa ameinama mbele amekumbatia mto, maumivu yapo chini ya chembe na yanapenya mpaka mgongoni, akiegemea nyuma yanazidi, akiinama yanapungua. Kongosho hilo. Sababu mbili kubwa ni mawe ya nyongo na pombe, na kipimo cha amailezi au laipezi, vimeng'enya vya kongosho, kikipanda mara tatu au zaidi ya kiwango cha juu cha kawaida ndo kinakuunga mkono.

Na tafadhali mwanangu, swali likianza na "mwanamke wa miaka 24, maumivu chini ya tumbo upande wa kulia", macho yako yatafute tarehe ya hedhi kabla ya kitu kingine chochote. Ikiwa imechelewa wiki kadhaa na mapigo yanakimbia, hiyo siyo kidole tumbo tena, ni mimba iliyotunga nje ya kizazi mpaka ithibitike vinginevyo, na jibu la kwanza ni kipimo cha mimba.

Dokta habari za kazi. Mimi nauza duka la dawa muhimu huku Kariakoo na jioni nasoma ufamasia. Wateja kumi wakija sita watasema wana vidonda vya tumbo, lakini kwenye mtihani wanatuuliza kidonda cha tumbo lenyewe na kidonda cha utumbo wa kwanza. Tofauti iko wapi hasa?

Nzuri mdogo wangu. Kwanza wengi wa hao sita wana kiungulia tu, tindikali inapanda kooni, inachoma nyuma ya kidari hasa akilala au akiinama kufua. Kidonda kinauma chini ya chembe.

Tofauti unayoulizwa ipo kwenye sahani. Kidonda cha tumbo lenyewe, mtu akila kinauma, kwahiyo anaanza kuogopa chakula na anapungua uzito. Kidonda cha utumbo wa kwanza, yaani duodeni, akila anapata nafuu, alafu masaa mawili matatu baadaye kinarudi, na usiku wa manane kinamwamsha, anaenda jikoni kunywa maziwa analala tena. Huyu hakondi, wengine wananenepa kabisa. Mwezi wa Ramadhani utamjua, mchana kutwa amejishika, ikifika futari anapona kama siyo yeye. Kwenye wodi hadithi hizi zinaingiliana sana na mara nyingi endoskopi, ile kamera inayoingizwa tumboni kupitia mdomoni, ndo inaamua, lakini kwenye pepa mtunzi anazitenganisha vizuri tu, we mpe anachotaka.

Sababu kubwa ni mbili, bakteria Helicobacter pylori na hizi dawa za maumivu, diklofenaki, ibuprofeni, asprini. Na hapo nakuomba kitu kama muuza dawa: mtu akija kununua diklofenaki ya mgongo na dawa ya gesi kwa pamoja, usimfungie tu kwenye mfuko, muulize anazimeza tangu lini, na anazimeza kabla ya kula au baada.

Habari ya hiyo bakteria inafurahisha. Zamani tulikuwa tunaambiwa ni mawazo na pilipili. Wale Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, wakasema hapana, kuna kidudu. Hawakusikilizwa sana, Marshall mwaka 1984 akakoroga vijidudu akanywa mwenyewe, siku chache baadaye akawa anatapika na mdomo unanuka, kuchunguzwa tumbo limevimba ndani na kidudu kipo. Nobeli wakaipata 2005. Sasa mtego upo hapa, alipata gastraitisi, siyo kidonda, nimeshaona swali la kweli na si kweli wanafunzi wakidondokea hapohapo.

Mawili matatu ya kumalizia. Kidonda cha duodeni kilicho ukuta wa nyuma kinatoa damu kwa sababu ateri ya gastroduodeno inapita hapo nyuma, cha ukuta wa mbele kinatoboka kwenye uwazi wa tumbo. Kidonda cha tumbo lenyewe ni lazima kikatwe kipande kidogo cha nyama kikapimwe, kwa sababu saratani inaweza kujificha humo, cha duodeni ni nadra. Na choo cheusi cha damu kinanata na kung'aa kama lami, harufu yake ukiisikia mara moja huisahau, siyo kile cheusi cha mama mjamzito anayemeza vidonge vya madini ya chuma.

Dokta, mi nasoma uuguzi, naishi Tabata. Macho ya njano yananichanganya, kuna ini, kuna nyongo, kuna kongosho, kuna malaria. Nisaidie kwa kifupi.

Kwa kifupi uliza mambo mawili, choo kina rangi gani na kunauma au hakuumi. Choo kikiwa cheupe kama udongo, mkojo kama chai ya rangi, na ngozi inawasha, bomba la nyongo limeziba. Kama choo kina rangi yake ya kawaida au kimekolea zaidi na mtu amepauka, damu inavunjika, na hapo ndo malaria na selimundu zinakaa.

Limeziba na kunauma, waza mawe. Limeziba na hakuumi kabisa, mzee amekonda, na ukipapasa chini ya mbavu za kulia unakuta kifuko cha nyongo kimejaa laini hakina maumivu, hapo ni kanuni ya daktari Courvoisier inakusemesha, siyo mawe, tafuta saratani ya kichwa cha kongosho. Kwa nini siyo mawe? Mfuko uliokaa na mawe miaka unakuwa na makovu, umekakamaa, hauwezi tena kutanuka kama puto. Ukiongezea homa na kutetemeka juu ya njano na maumivu, hizo ni dalili tatu za Charcot, maambukizi kwenye mirija ya nyongo, na huyo ni wa haraka sana. Ikiwa mfuko wenyewe ndo umevimba, weka vidole chini ya mbavu kulia, mwambie avute pumzi, ikikatika ghafla katikati hiyo ndo alama ya Murphy. Jaribu na kushoto, kushoto isikatike.

Na usiandike "homa ya manjano" ukimaanisha macho ya njano. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine, wa virusi na mbu.

Dokta, mimi kwetu Ukerewe lakini nasoma hapa Dar. Nilipigwa swali, mvuvi wa miaka 32 ametapika damu nyingi, bandama kubwa, macho hayana njano, hanywi pombe. Nikaandika sirosisi, yaani ini lililoharibika kwa makovu, nikakosa. Kwa nini?

Mwanangu, we wa Ukerewe ukakosa hilo! Huyo ni jirani yenu. Mvuvi, ziwa, bandama kubwa, damu, alafu ini linafanya kazi vizuri: hicho ni kichocho cha tumbo, Schistosoma mansoni. Mayai yanasafirishwa na damu mpaka kwenye vijishipa vya ini, yananasa hapo, mwili unayazungushia makovu, damu inakosa njia inarudi nyuma, bandama inavimba na mishipa ya umio inatuna mpaka inapasuka. Lakini chembechembe zenyewe za ini zipo salama, ndo maana hana njano, hajachanganyikiwa, na tumbo halijajaa maji sana. Mwenye sirosisi angekuwa amechoka mwili mzima, viganja vyekundu, macho ya njano, na hapo ungeulizia homa ya ini B na pombe.

Na wakikuuliza kichocho cha ukanda wa pwani, kwa wenyeji wa huku Dar na Zanzibar, hicho ni haematobium, kinakaa kwenye kibofu cha mkojo, mtoto anakojoa damu mwishoni mwa mkojo. Yai lake lina mwiba mkiani, la mansoni lina mwiba ubavuni.

Shikamoo. Naomba vitu vya harakaharaka vya kusoma kwenye mwendokasi, hasa watoto, kumeza na kuharisha.

Marahaba, shika hivi. Mtoto wa kwanza, wa kiume, wiki nne, kila akinyonya anatapika kwa nguvu kama bomba na matapishi hayana nyongo, alafu palepale analia njaa tena: mlango wa kutokea tumboni umebana, ukipapasa unakuta kauvimbe kama tunda dogo. Mtoto wa miezi nane mnene mzuri, analia anakunja miguu, ananyamaza, anacheza, baada ya robo saa analia tena, na kwenye nepi kuna ute mwekundu: utumbo umejimeza wenyewe, siyo mchango wala jicho la mtu. Kichanga ambacho masaa 48 yamepita hakijatoa choo cha kwanza, waza Hirschsprung, ugonjwa wa utumbo mkubwa kukosa mishipa ya fahamu mwishoni.

Kumeza: mzee alianza kukwama na ugali, baadae wali, saivi hata uji unapita kwa shida, na suruali zinamvuka, hiyo ni saratani ya umio, na huku Afrika Mashariki ipo kwa wingi kwahiyo usiione kama ya vitabuni. Lakini dada wa miaka 30 ambaye tangu mwanzo ugali na maji vyote vinakwama sawasawa ana akalesia, yaani mlango wa chini wa umio haulegei, na picha ya bariamu inaonyesha umio umetanuka juu umechongoka chini kama mdomo wa ndege.

Kuharisha: kinachomwagika kama maji uliyooshea mchele, hakina damu wala maumivu makubwa, na mtu anakauka kwa masaa, kipindupindu, na jibu la kwanza ni maji ya chumvichumvi kabla ya antibayotiki. Kidogokidogo, damu, ute, homa na kujikamua, bakteria Shigella. Damu na ute lakini homa hakuna au kidogo tu, imeanza polepole, amiba, na amiba huyohuyo akipanda kwenye ini anatengeneza jipu lenye usaha wa rangi ya chokoleti. Taifodi ni homa inayopanda kama ngazi, wiki ya kwanza mara nyingi choo kimefunga tu, na ikitoboa utumbo mara nyingi ni wiki ya tatu. Kwa taifodi usiandike Widali kama kipimo cha kuthibitisha, andika kuotesha damu.

Dokta, nina oski, ule mtihani wa vitendo, ya tumbo mwezi ujao na ninaogopa mtahini kuliko mgonjwa. Wanataka kuona nini?

Kwanza wanataka kuona umemsalimia. Sitanii, alama ipo. Mzee amelala pale, "Shikamoo mzee, naitwa fulani, naomba nikupime tumbo", sugua viganja vyako vipate joto, muulize wapi panauma alafu anza mbali na hapo. Ukipapasa angalia uso wake, usiangalie mikono yako, tumbo linaweza kukudanganya lakini uso ukikunja umekunja.

Alafu nikwambie lililonipata mimi. Miaka hiyo ni mwanafunzi, nimepewa mgonjwa mwenye tumbo limejaa, anatapika, choo hakuna, hewa haipiti tangu juzi. Nikajua kabisa, utumbo umeziba. Nikakagua, nikapapasa, nikagonga, nikasikiliza, nimejieleza vizuri mpaka nikajipenda. Mtahini, mama mmoja mfupi mwenye miwani imeshuka puani, akauliza umeziba kwa sababu gani? Nikataja saratani, utumbo kujisokota, makovu ya upasuaji wa zamani. Akasema mgonjwa ana kovu? Hana. Akanyamaza. Kengele ikalia. Natoka mlangoni namuona anamfunulia mgonjwa shuka ambalo mi nililiacha kiunoni kwa aibu, na kwenye kinena pale kulia kuna uvimbe saizi ya limao, mwekundu, umebana. Ngiri. Nilisimama dakika kumi pembeni ya kitu hicho, kimefunikwa na shuka la hospitali.

Kwahiyo mdogo wangu omba ruhusa, funua mpaka mapajani, mpe mgonjwa heshima yake, angalia kinena pande zote mbili na umwambie akohoe. Ukimaliza mwambie mtahini kwamba ungependa kumalizia na kipimo cha njia ya haja kubwa, hutakifanya pale lakini ukisema unapewa alama, usiposema wanakuangalia tu.